Nikiulizwa wodini ulimi unakwama. Niache uuguzi?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Mbeya. Nyumbani ni Makete, wazazi wanalima viazi na ada yangu inatoka humo humo kwenye viazi. Kidato cha nne nilipata daraja la tatu, pointi 23. Sikuwa kinara wa darasa, lakini pia sikuwa wa kubebwa.

Tatizo langu lilianzia wodi ya watoto. Tulikuwa tunagawa dawa, wanafunzi sita na muuguzi wa zamu. Mtoto ameandikiwa gentamaisini miligramu 60, ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Sista akanigeukia: "Haya, tunavuta ngapi?" Dada, kanuni nilikuwa naijua, usiku wake tu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Nilisimama kama gogo. Akasema, "Wewe nani alikudanganya uje uuguzi?" Wenzangu wakacheka. Mama wa yule mtoto akamvuta mwanawe kwake, kama vile mimi ndiye ningemchoma.

Tangu hapo nasimama nyuma. Wenzangu wakipima presha mimi nashika faili. Logibuku yangu, daftari la kusainiwa kazi ulizofanya wodini, ina nafasi nyingi tupu, na muhula uliopita nimepata supu (mtihani wa kurudia) ya famakolojia, somo la dawa. Si kwamba sisomi. Nasoma madesa mpaka saa saba usiku, asubuhi ni kama sijagusa kitu. Darasani nikitaka kuuliza, naanza kwanza kuipanga sentensi ya Kiingereza kichwani, ikikamilika mwalimu ameshavuka slaidi mbili. Matokeo yakitoka yanabandikwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na kila mtu anaona nani ameangukia wapi.

Kila ninayemweleza ananiambia "jiamini". Nimejaribu, ila sijui kujiamini kunaanzia wapi. Je, nimekosea njia? Kama sijakosea, nifanye nini hasa? Na hii habari ya supu nimwambieje baba?

Mwanafunzi, Uyole

*

Marahaba, mdogo wangu.

Hao wanaokuambia "jiamini" wanakutakia mema, ila wamekutajia kituo bila kukupa nauli. Kujiamini kazini kunakuja nyuma ya mkono uliozoea, mara chache sana kunatangulia. Ndiyo maana majibu yangu yatahusu zaidi karatasi, mikono na saa zako za kusoma kuliko moyo wako. Swali la kama umekosea njia nitalijibu mwishoni, maana kwa sasa huna cha kulipimia.

Tuifungue kwanza ile asubuhi. Akili ina sehemu ndogo ya kushikilia mambo ya papo kwa papo: namba uliyotajiwa, kanuni, hatua uliyofikia. Hofu ikiingia inakalia sehemu hiyo hiyo na maneno yake, wananitazama, nitakosea, watacheka. Hesabu ya kichwani ndiyo ya kwanza kuanguka, kwa kuwa inahitaji nafasi yote. Kwa hiyo mtu anaweza kuijua kanuni usiku, ikampotea saa tatu asubuhi mbele ya watu sita, na ikamrudia akiwa amekaa kwenye daladala. Hiyo si dalili ya akili ndogo. Tena dozi ya mtoto haihesabiwi kichwani na mtu yeyote, awe mwanafunzi au inchaji wa wodi. Inaandikwa, inahesabiwa, mtu wa pili anahakiki, ndipo sirinji inashikwa. Muuguzi asiyepata woga kidogo mbele ya dawa ya mtoto ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

Basi dawa ya kwanza ni sentensi moja: "Sista, naomba niiandike nikuoneshe." Isome kwa sauti ukiwa hosteli mpaka itoke yenyewe, maana sentensi ambayo hujawahi kuitamka haiji ukiwa umebanwa. Weka daftari dogo na kalamu kwenye mfuko wa yunifomu. Ukiulizwa, toa daftari kwanza, halafu ndipo ufungue mdomo. Mikono ikiwa na kazi, ukimya wako unaonekana kuwa ni wa mtu anayefikiri, na wewe mwenyewe unapata sekunde kumi za kuvuta pumzi.

Kwenye hesabu yenyewe, usianze na kanuni. Anza na makisio. Ampuli nzima ni miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo nusu yake ni miligramu 40 ndani ya mililita 1. Unatafuta 60. Jibu lazima liwe kati ya mililita 1 na 2, liwe lolote lile. Sasa ndiyo uilete kanuni: ulichoandikiwa gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo. 60 gawanya kwa 80 ni 0.75, mara 2 ni mililita 1.5. Imeangukia ndani ya makisio, endelea. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuigeuza sehemu, 80 juu ya 60, unapata kama 2.67. Aliyekisia anashtuka hapo hapo, kwa sababu hiyo ni zaidi ya ampuli nzima kwa dozi iliyo ndogo kuliko ampuli. Asiyekisia anafungua ampuli ya pili.

Kosa la pili ni vipimo kuchanganyika. Ukiona gramu, igeuze kuwa miligramu kabla hujagusa kitu kingine: 0.5 ni 500. Andika sifuri mbele ya nukta kila mara, na usiweke nukta na sifuri baada ya namba nzima, maana 5.0 iliyoandikwa haraka kwenye karatasi iliyokunjamana husomeka 50.

Dripu nazo zina mtego wake. Lita moja kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Wengi wanasahau kugeuza saa kuwa dakika, wanapata 2,500, na hao wanajigundua wenyewe kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu matone 2,500 kwa dakika. Hatari zaidi ni anayeikariri seti ya 60, ile ya matone madogo, na kuitumia kwenye seti ya 20. Anapata 125, namba ambayo haishtui, na lita iliyopangiwa saa 8 inaisha ndani ya saa 2 na dakika 40. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya seti. Isome kila unapofungua pakiti, hata kama jana ulifungua ya aina hiyo hiyo. Ukishafungulia, hesabu matone kwa sekunde 15: yakiwa 10 au 11 uko sawa.

Fanya maswali matano kwa siku, kabla ya chakula cha jioni, ukiyachanganya: moja la sindano, moja la dawa ya maji, moja la dripu, moja la kugeuza vipimo, moja la dozi kwa uzito. Kwa mfano, mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Unahitaji miligramu 180, sawa na mililita 7.5. Ukifanya maswali ishirini ya dripu mfululizo utajiona bingwa, lakini utakuwa umezoea kanuni moja tu iliyokuwa mbele yako. Wodini na kwenye mtihani hakuna anayekuambia uchague kanuni ipi.

Nakuja kwenye madesa ya saa saba usiku, na hapa nadhani ndipo supu yako ilipopikiwa. Kusoma na kurudia kusoma kunadanganya. Ukurasa ukiupitia mara ya tatu, macho yanaufahamu, nawe unaona umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Chukua kaunta buku, kunja kila ukurasa katikati kwa wima. Kushoto andika swali, kulia jibu. Ukitoka kwenye kipindi, siku hiyo hiyo, geuza somo liwe maswali kumi, zaidi ya hapo hutayarudia. Funika upande wa kulia na ujibu kwa kuandika au kwa sauti. Kujibu moyoni hakutoshi, kwa sababu moyoni kila mtu anapata mia. Rudia baada ya siku 3, kisha wiki, kisha wiki mbili, na kila mara weka alama kwenye yaliyokutoroka ili uanze na hayo. Dakika 25 mara mbili kwa namna hii zinatosha, na saa tano usiku uwe kitandani. Usingizi ndio wakati ambao ulichojifunza mchana kinatulia kichwani. Anayekesha na kuamka saa kumi na moja kuwahi zamu anaitupa nusu ya kazi yake.

Famakolojia haikaririki kwa orodha. Inashikika kwa sababu. Chukua magneziamu salfeti, ambayo utakutana nayo wodi ya wazazi kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Unaambiwa kabla ya kurudia dozi uangalie mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Ukikariri matatu hayo, chini ya presha litabaki moja. Sasa jiulize kwa nini, tena kwa Kiswahili. Dawa hii inatuliza neva na misuli. Ikizidi mwilini, goti ndilo linaanza kunyamaza, na pumzi inafuata. Inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mkojo ukipungua, dawa iliyomo haitoki na dozi mpya inajazia juu yake. Goti, pumzi, mkojo. Huhitaji tena kukumbuka orodha, unaijenga upya kila ukiulizwa. Ndani ya mnyororo huo ongeza kinachookoa ikizidi, kalsiamu glukoneti gramu 1, polepole kwenye mshipa, nayo inakaa mahali ambapo mkono utaifikia.

Nimesema kwa Kiswahili kwa makusudi. Wanafunzi wetu wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na mpaka chuoni bado wanajaribu kuelewa jambo na kutafsiri kwa wakati mmoja. Tenganisha kazi hizo mbili. Elewa kwanza kwa lugha unayoitawala, iwe Kiswahili au Kikinga, hakuna mtihani unaokuona. Ukishaelewa, andika sentensi nne fupi za Kiingereza zinazosema jambo hilo, na uzisome kwa sauti na mwenzio mara mbili kwa wiki. Nne tu. Baada ya muhula mmoja utakuwa na sentensi kwa dawa na magonjwa yote makubwa, za kwako mwenyewe, na nyingi zinarudia muundo uleule.

Darasani, usingoje sentensi ikamilike. Andika swali pembeni mwa daftari kwa maneno matatu na umfuate mwalimu akimaliza kipindi. Walimu wengi wakiwa mlangoni wanajibu kwa Kiswahili bila shida. Na kabla ya mtihani wa supu, keti na karatasi za zamani uangalie vitenzi vya maswali: taja, orodhesha, eleza, tofautisha. Wapo wanaopoteza alama kila mwaka kwa kuandika aya nzima pale walipoambiwa wataje, kisha muda unawaishia kwenye swali la kueleza lenye alama nyingi. Omba pia ofisi ya taaluma au mwalimu wa somo akuambie alama zako ziliangukia sehemu ipi. Supu yenye hesabu mbovu na supu yenye maelezo mabovu hazitibiwi sawa.

Tuje wodini, kwenye mikono. Kuna vipimo vya kujithamini kwa jumla. Kinachojulikana zaidi ni cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, sentensi 10 unazokubali au kukataa, na huenda mwalimu wa saikolojia akawapa. Kina kazi yake, ila hakikuambii kama tatizo ni kupima presha au ni kuweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa. Kwa hilo mwanasaikolojia Albert Bandura anasaidia zaidi. Aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa ataiweza kazi fulani inalishwa na mambo manne: kuifanya na kufaulu, kumwona mtu wa kiwango chake akifaulu, maneno ya watu, na anavyousoma mwili wake moyo ukienda mbio. La kwanza lina nguvu kuliko yote, maneno hayafui dafu mbele yake. Sasa umeona kwa nini "jiamini" haijakushika.

Andika kazi kumi na mbili za wodini kwenye karatasi: kunawa mikono, presha, joto, kuhesabu pumzi, kutandika kitanda chenye mgonjwa, sindano ya msuli, kufungua dripu, kusafisha kidonda na kadhalika. Kila moja ipe namba 0 hadi 10: nikiambiwa niifanye sasa hivi, msimamizi akiwa pembeni, nitaiweza kiasi gani? Nakuhakikishia hazitakuwa sifuri zote. Zenye 7 na kuendelea ziache kwa sasa. Zenye 0 hadi 3 nazo ziache. Anza na zilizoangukia 4 hadi 6, kwa sababu hapo ndipo ushindi unapatikana ndani ya wiki, na ushindi huo ndio unaozipandisha zile za chini. Wengi hufanya kinyume, wanavamia kanula ya mtoto mchanga ili wamalize aibu kwa mkupuo, wanakosa mshipa mara mbili na kurudi nyuma zaidi ya walipokuwa.

Tuseme presha imepata 5. Ifahamu inavyoharibika. Mgonjwa akae ametulia dakika 5. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, au ukipelekwa Njombe, mgonjwa atakuwa na sweta, koti na kitenge juu. Usifunge mkanda juu ya sweta, na usilikunje sweta likabana juu ya kiwiko, maana linakuwa kamba. Mwombe atoe mkono mmoja, umfunike kitenge begani, pima, mfunike tena. Mkanda ukae sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mkono uwe sambamba na moyo, umeegemezwa, sio anauinua mwenyewe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka yapotee, ongeza 30, weka stetoskopu, shusha polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Wanaoanza wanaachia upepo haraka kwa woga. Sindano ya saa inashuka kwa kuruka, ile sauti ya kwanza inapita bila kusikika, na namba ya juu inatoka ndogo kuliko ilivyo. Ukisikia kimya kabisa, angalia vipuli vya masikioni kabla hujajilaumu: vinapaswa kuelekea mbele, upande wa pua.

Na usiposikia, sema. "Sijasikia vizuri, narudia baada ya dakika moja." Hiyo ni sentensi ya muuguzi. Anayeandika 120/80 kwa wagonjwa sita mfululizo anaonekana hodari mpaka siku mmoja wao atakapoanguka.

Kuomba nafasi nako kuna namna yake. "Sista, naomba kujifunza" ni ombi pana, na mwenye wagonjwa arobaini hana jibu lake. Omba kitu kimoja chenye mipaka: "Sista, leo naomba nichukue presha kitanda namba 1 mpaka 6, halafu unihakikie kimoja utakachochagua." Ombi la hivyo ni gumu kulikataa, tena linampunguzia kazi. Namba zenu zikikaribiana, tofauti ya 5 hivi au pungufu, hiyo ni sahihi yako kwenye logibuku, umeipata kwa haki. Fika robo saa kabla ya makabidhiano ya zamu na uombe kabla wodi haijachafuka. Saa nne, katikati ya raundi ya madaktari, hata mtu mwema anafoka.

Kuhusu aliyekutukana. Karipio lipime kwa swali moja: kuna kitu ndani yake naweza kukifanya kesho? "Hukunawa mikono kati ya kitanda cha 3 na cha 4" kuna kitu, chukua, shukuru, nawa. "Nani alikudanganya uje uuguzi" hakuna kitu ndani, hata ukilichambua mwezi mzima. Wodi ikizidiwa inatoa maneno ya namna hiyo, na kuzidiwa kwake hakuyahalalishi. Ukiweza, mfuate akiwa ametulia, baada ya dawa kugawiwa, umwoneshe daftari: "Sista, lile swali la gentamaisini nimelifanya, naomba uniangalizie." Wengi hulainika hapo. Asipolainika na yakarudiwa, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, umpelekee mwalimu wa kliniki au mlezi wa wanafunzi. Malalamiko ya "ananionea" hayaendi mbali. Yenye tarehe yanasikilizwa.

(Walimu wa kliniki mnaosoma ukurasa huu: mkiuliza swali, hesabuni moja mpaka tano kimya kabla ya kumgeukia mwingine, na swali la hesabu liulizwe hatua kadhaa mbali na kitanda. Yule mama aliyemvuta mwanawe alikuwa na haki ya kutosikia hayo.)

Wa kusoma naye usimchukue yule anayeongoza darasa, ukimtazama utajiona mdogo zaidi. Chukua aliyekuzidi hatua moja, aliyekuwa na supu mwaka jana akaifuta. Huyo ndiye mtu wa kiwango chako aliyefaulu, na bado anakumbuka alipita wapi. Lile grupu la WhatsApp linyamazishe wiki ya matokeo, yako utayapata ofisini au kwenye akaunti yako.

Kwa baba, piga simu jioni akiwa ametoka shambani, usimtumie ujumbe wa maandishi. Usimwanzie kwa kulia. "Baba, somo moja kati ya niliyofanya sikufikisha alama. Narudia mtihani tarehe fulani. Nimeshaanza kufanya hivi na hivi." Taja somo, taja tarehe, taja unachofanya, na kama kurudia kuna malipo mtajie kiasi siku hiyo hiyo ili apange. Wazazi wanaolipa ada kwa viazi wamezoea msimu kuharibika, wasichokizoea ni kuambiwa baada ya mavuno.

Jambo moja nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji urefu. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali vizuri, huli, huoni raha hata kwa ulivyovipenda, au umepata wazo la kujidhuru, hayo yamevuka mipaka ya mambo ya kusoma. Mwambie mlezi wa wanafunzi au mtu mzima unayemwamini leo, akupeleke kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa iliyo karibu. Wewe unajifunza kuwatuma wagonjwa huko, na wewe una ruhusa ya kwenda.

Sasa lile la kukosea njia. Katika barua yako yote hujasema popote kwamba hupendi kukaa na mgonjwa. Umesema unaogopa kuulizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili linatibika. Aliyekosea njia kwa kawaida huchukia kazi hata siku anayoifanya vizuri: presha imetoka sawa, sista amesifia, na yeye bado anahesabu dakika za kutoka. Wewe hujapata siku ya namna hiyo ya kujipimia, kwa sababu umekuwa ukishika faili. Fanya haya kwa wiki nane, pitia tena ile karatasi ya namba 0 hadi 10, fanya supu yako, ndipo uamue.

Na hata ukiamua unahitaji kupumzika, usipotee tu hosteli ukaenda nyumbani. Mwanafunzi anayetoweka bila taarifa anajiweka pabaya kikanuni na kurudi kwake kunakuwa na mlolongo mrefu. Uliza ofisi ya taaluma utaratibu wa kuahirisha masomo, andika barua kabla hujaondoka, ambatisha cheti cha daktari kama sababu ni ugonjwa, ngoja jibu la maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki mkononi mwako.